Methusela wa Ubao wa Saa

Siku ya kwanza nilipofanya biashara na Methusela nilimbana bei mpaka mwenyewe nikashangaa kwamba amekubali.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na moja, hapa Majengo. Kazi yangu ilikuwa kununua kuku wa vijijini, kuwapanga kwenye matenga na kuwapakia kwenye treni kwenda Dar es Salaam, ambako hoteli na baa zilikuwa zimechipuka kila kona na kila moja inataka kuku wa kienyeji. Nilianza na kuku wawili niliotoka nao Kondoa chini ya kwapa. Nimefikaje kumiliki banda na mizani ni habari nyingine.

Asubuhi hiyo akaja mwanamume mrefu, mwembamba, vumbi jekundu hadi kwenye kope, juu ya baiskeli ya Foniksi ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani kwenye fremu. Nyuma kwenye keria, matenga mawili ya kuku. Nikajua anakuja kwangu. Hakuja. Alisimama upande wa pili wa barabara, kwenye duka la vipuri vya baiskeli la Mzee Vithaldas, akaegesha baiskeli juani, kuku wakihema midomo wazi, yeye akaenda kusimama mbele ya ubao mweusi uliotundikwa barazani. Akaomba chaki. Akaandika taratibu, kama mwanafunzi anayeogopa mwalimu.

Nami nikavuka barabara nikasoma. *Methusela. Mvumi mpaka Dodoma. Kutoka 11.00. Kufika 1.58. Safari ijayo: Alhamisi, njia ya korongo, saa 11 alfajiri.*

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikafikiri kidogo tu. Mtu anayetakiwa kutoka Mvumi Alhamisi alfajiri akiwa amejaza tenga, lazima Jumatano ashinde vijijini akikusanya kuku. Basi leo hii lazima arudi. Hana muda wa kuzunguka soko.

"Shikamoo mama," akanisalimu alipokuja mwishowe.

"Marahaba baba. Kuku wako wagonjwa?"

"Wagonjwa? Hawa wamekimbia kilomita arobaini kwa saa tatu kasoro dakika mbili!"

"Wamekimbia wao au umekimbia wewe?"

Akacheka. Meno meupe katikati ya lile vumbi. "Mia nne kila mmoja, mama."

"Mia mbili na nusu."

"Aa! Mama unachinja kuku au unanichinja mimi?"

"Zunguka soko, baba. Kuna wanunuzi wengine kule nyuma. Wanafungua saa nne, saa nne na nusu hivi. Wasubiri tu."

Akatazama jua. Nilijua angetazama jua. Akatazama kuku, mmoja alikuwa ameshalaza shingo. Akashusha tenga.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyoendelea karibu mwaka mzima. Kila alipokuja nilikuwa nimeshasoma ubao kabla yake.

Sasa niwaambie alikuwa mtu wa namna gani, maana wengi walimwona mpumbavu, nami siku za mwanzo nilikuwa mmoja wao.

Methusela alizaliwa kijiji kimoja mbele ya Mvumi, Mgogo wa ng'ombe wachache. Shuleni misheni alikuwa wa mwisho kwa kila somo. Halafu ikaja ile miaka ya vibali, ambapo gunia la mahindi halikuvuka kizuizi bila karatasi, na sabuni ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Methusela akawa mtu wa usiku. Alikuwa na baiskeli ya marehemu mjomba wake, haina taa, haina breki, na alizijua njia zote za porini kutoka kwao mpaka mjini. Alibeba mahindi, akarudi na sabuni na chumvi. Miaka sita hivi. Hakuna aliyejua anapita wapi wala anatoka saa ngapi, hata mke wake Violeth hakuambiwa. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa anafunga vitambaa kwenye kengele ili isilie kwenye mawe.

Ruksa ya biashara ilipokuja, vizuizi vikaondolewa. Kila mtu akawa mfanyabiashara mchana kweupe. Methusela akauza dume la kulimia, baba yake akanuna mwaka mzima, akanunua Foniksi mpya. Familia nzima ikawa imekaa juu ya magurudumu mawili: baiskeli ikipotea hakuna dume wa kurudi naye shambani. Hilo alilijua. Lakini nadhani alikuwa amechoka kutojulikana. Mtu aliyejificha miaka sita, akiona ubao mahali anaporuhusiwa kuandika jina lake na saa yake kila mtu asome, ataandika.

Ubao wenyewe ulikuwa akili ya Mzee Vithaldas. Watu wa baiskeli walikuwa wakibishana barazani kwake nani ana mbio: mmoja ametoka Msalato na maziwa, mwingine Mvumi na karanga, kila mmoja anaapa. Vithaldas akaona mabishano hayauzi mipira. Akatundika ubao na saa ya ukutani, akaweka masharti. Anayetoka mbali aje na karatasi yenye saa aliyotoka, iliyoandikwa na mtu mwenye saa. Wa Mvumi walikuwa wakiandikiwa na mlinzi mmoja wa getini hospitalini, mtu mpole asiye na neno. Na sharti kubwa kuliko yote: safari ya mashindano itangazwe kabla. Siku gani, njia gani, saa ngapi. Usipotangaza, hata ukifika na upepo, haihesabiwi. Na ukitangaza njia moja ukapita nyingine, unafutwa mwezi mzima.

"La sivyo," aliniambia Vithaldas, "kila mtu atakuja kusema, jana mzee nilikimbia sana, hukuniona tu."

Mwisho wa mwezi, mwenye mbio kuliko wote wa njia yake alipewa tairi mbili mpya. Kwa tairi hizo mbili Vithaldas aliuza ishirini, kwa sababu mtu anayekimbiza baiskeli kwenye kokoto anakula tairi kama mbuzi anavyokula majani. Mimi nilimheshimu kwa hilo.

Mshindani wa Methusela alikuwa Yotham, mfupi, mnene wa mapaja, mbeba karanga, naye wa upande uleule wa Mvumi. Hawakuwa maadui. Walitaniana tu mpaka ikawa kero.

"Bwana Methusela, nimesikia kuku wako ndio wanaopiga pedeli."

"Angalau kuku wangu wana miguu. Gunia lako la karanga lina nini?"

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, baiskeli zikaanza kuporwa njiani. Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa maziwa wa Msalato. Watu wawili waliojifunika nyuso walimtokea kichakani alfajiri, wakamchukulia baiskeli, wakamwachia madumu. Watu wakasema bahati mbaya. Wiki tatu baadaye ikaporwa ya mzee mmoja wa vitunguu, naye alfajiri, naye kwenye njia ya mkato. Watu wakasema pori limeharibika.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nakumbuka majina. Wote wawili walikuwa wa kwanza ubaoni mwezi walioporwa, na wote wawili walikuwa wametangaza njia ya mkato.

Halafu nikaona jambo jingine. Kulikuwa na wanaume wawili waliozoea kukaa kwenye benchi la Vithaldas, mmoja ana koti la kijani, mwingine anatafuna muwa muda wote. Walikuja, wakasoma ubao, wakakaa, wakaondoka. Nikajiuliza, mtu asiye na baiskeli anasoma saa za watu wa baiskeli kwa kazi gani? Jibu lilinijia haraka kwa sababu mimi pia sikuwa na baiskeli, na mimi pia nilikuwa nasoma.

Jumanne ya mwisho wa mwezi huo Methusela akaja. Alikuwa nyuma ya Yotham kwa dakika nne. Amebakiwa na safari moja, Ijumaa. Njia ya korongo ilimwokolea karibu robo saa, na ni yeye peke yake aliyeijua vizuri akiwa na mzigo. Chaki ilikuwa tayari mkononi mwake.

Nikamshika kiwiko. "Njoo hapa kwanza."

"Mama, ngoja niandike."

"Usiandike. Njoo."

Nikamweka nyuma ya matenga nikamweleza habari ya wale wawili. Akatikisa kichwa.

"Wale ni watu wa kukaa tu, mama. Mji una watu wa kukaa."

"Wanajua Ijumaa utakuwa wapi?"

"Watu wote wanajua. Ndiyo maana ya ubao."

"Ndiyo nakwambia!"

"Mimi korongo nalijua tangu wakati wa vibali. Hakuna aliyewahi kunikamata kule."

"Wakati wa vibali ulikuwa unaandika ubaoni utapita lini?"

Akautupia ubao jicho. Halafu akasema maneno ya mtu mwenye ashki: "Dakika nne tu, mama. Nikikosa mwezi huu, Yotham atanicheka mpaka masika."

Nikaona maneno ya hofu hayamwingii. Imebaki dawa moja, nayo ilikuwa chungu kwangu, siyo kwake.

"Methusela. Unadhani kwa nini nakununulia kuku kwa bei ninayotaka?"

"Wewe mgumu tu."

"Mimi si mgumu. Mimi nasoma. Ukiandika Alhamisi alfajiri, najua Jumanne huwezi kusubiri wanunuzi wengine. Ukiandika umetumia saa tatu na robo, najua mpira ulipasuka au umechoka, nakuchelewesha kwa chai. Miezi na miezi unanitangazia shida zako kwa chaki, mimi nazilipia nusu bei. Na mimi ni mtu mwema. Sasa fikiria yule wa koti la kijani anasoma nini."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikupenda alivyonitazama, lakini sikuyageuza macho.

"Mama Joha," akasema polepole, "wewe ni mwizi."

"Mimi ni mnunuzi. Wezi wako kwenye benchi. Baiskeli hiyo ni dume la baba yako. Unataka kumwambia uliipoteza kwa dakika nne?"

Akachezea chaki mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akavuka barabara. Nikadhani amenishinda. Akaandika, kwa herufi kubwa kuliko kawaida: *Ijumaa, njia ya korongo, saa 11 alfajiri.* Yule wa muwa akatema kapi, akasoma.

Methusela akarudi kuchukua matenga yake matupu. "Nitapita barabara kuu," akaninong'oneza. "Hao wa benchi wakangoje korongoni bure. Nitatoka saa kumi na mbili, kukiwa na watu. Vithaldas atanifuta. Umefurahi?"

"Sijafurahi. Nimetulia."

Hatukumwambia mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, na nalisema wazi kwa sababu liliumiza mtu.

Ijumaa asubuhi nilifungua banda mapema kuliko kawaida. Saa mbili ikapita. Saa tatu kasoro, dereva wa lori la mkaa akasimama kwa Vithaldas kununua gundi, akasema kama mtu anayeeleza hali ya hewa: "Kuna mtu wa baiskeli kapigwa kule korongoni. Kapigwa vibaya. Baiskeli imekwenda."

"Mtu gani?" nikauliza.

"Mtu wa baiskeli tu, mama. Nimesikia njiani, sikumwona."

Nikasema moyoni, yule mjinga hakuweza kujizuia. Ameenda korongoni kufuata dakika nne. Nikarudi bandani nikaanza kupanga matenga ambayo yalikuwa yamepangwa. Violeth nilikuwa nimemwona mara moja, amembeba mtoto mgongoni, ananiuliza kama Dar wanakula kuku wengi hivyo kweli. Nikajikuta napanga maneno ya kumwambia. Sikuyapata.

Saa nne na dakika kumi nikasikia kengele ya baiskeli. Methusela alikuwa anakuja katikati ya barabara, anapiga pedeli polepole, jasho linamtiririka. Kwenye keria hakuna tenga. Yuko Yotham, kichwa kimefungwa shati, mguu mmoja unaning'inia.

Ndugu msomaji, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Kuku wako wapi?"

"Nimewaacha njia panda kwa muuza uji, ndiko alikojikokota huyu," akasema Methusela, anahema. "Keria moja, mama. Ilikuwa kuku au Yotham."

"Na mimi nikamwambia chukua kuku, wana bei," akasema Yotham kwa mdomo uliovimba. Nikakaa juu ya tenga, likavunjika.

Tukampeleka Yotham kushonwa. Nyuzi sita, mfupa mzima. Aliporudi na bandeji yake barazani kwa Vithaldas, alieleza mwenyewe, wala hakuona haya sana. Alikuwa amesoma tangazo la Methusela. Akafikiri: korongo ni jembamba, baiskeli mbili hazipishani. Basi akatangulia, akaingia kabla ya Methusela kufika, akawa anakwenda taratibu makusudi ili amzibie njia na dakika zake nne zife humo.

"Wakaruka kutoka kichakani. Mmoja akaniita, 'Methusela, shuka!' Nikamwambia mimi siyo Methusela. Akasema, 'Usitudanganye, ubao umesema Methusela, korongo, saa kumi na moja.' Nikamwambia, 'Jamani nitazameni! Methusela mrefu!' Wakanipiga kwa kuwadanganya."

Vithaldas aligeuka akautazama ubao wake kama mtu aliyegundua mbwa wake anaiba mayai ya jirani. Akachukua kitambaa, akaufuta wote, mpaka kona.

"Usifute, mzee," nikamwambia. "Wale jamaa hawajui kwamba tunajua. Watataka kusoma tena."

Akasita. Kisha akachukua chaki yeye mwenyewe, akauliza, "Methusela, siku gani wataamini unapita?"

Wakaandika: *Methusela. Jumatano, njia ya korongo, saa 11 alfajiri.* Jumatatu yule wa koti la kijani akaja, akasoma, akanunua hata spoku moja kwa adabu. Jumatano alfajiri mgambo wanane walikuwa wamelala kifudifudi korongoni. Wezi wote wawili walikamatwa, na nilisikia mgambo walichoka zaidi na siafu kuliko nao. Baiskeli tatu zilikutwa zimefukiwa kwenye majani ya kuezekea, uani kwa jamaa wa yule wa muwa. Ya Yotham ilikuwa imepungua siti na dinamo, lakini magurudumu yote mawili yalizunguka.

Sasa nani alipata nini.

Tairi mbili za mwezi ule alipewa Yotham, maana Ijumaa ile hakuwa ametangaza safari yoyote. Methusela alifutwa, kwa sababu alitangaza korongo akapita barabara kuu, na Vithaldas hakubadili sharti hata tulipomwomba. Kwa siku tano Yotham alikuwa mshindi mwenye tairi mbili mpya na hana baiskeli, na Methusela alikuwa na baiskeli na tairi zimekwisha kama kandambili za zamani. Walikaa benchi moja wakicheka mpaka machozi. Yotham akamwuzia tairi moja, ya pili akaiweka.

Vithaldas hakuuondoa ubao; angeuondoa, asingekuwa Vithaldas. Aliondoa sharti la kutangaza. Sasa mtu anaandika jina na dakika tu, baada ya kufika, basi. Mabishano yakarudi, na mauzo ya tairi yalipungua, nayo aliyavumilia.

Methusela alipoteza cheo. Dakika zake nne hakuzipata kamwe, na mwaka uleule kijana mmoja wa Hombolo akawapita wote wawili. Lakini Foniksi ipo, imebadilishwa mnyororo mara mbili, na baba yake amerudi kuongea naye.

Mimi? Juma lililofuata Methusela akaja saa sita mchana, saa ambayo hajawahi kuja. Hakuvuka barabara kwenda ubaoni. Akaingiza baiskeli moja kwa moja kwenye kivuli changu, kuku wametulia, hakuna hata mmoja aliyelaza shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka saa ngapi?"

"Nimetoka."

"Umepita wapi?"

"Njiani."

"Unarudi leo?"

Akakaa juu ya gunia, akanyoosha miguu yake mirefu, akajipepea kwa kofia kama mtu mwenye siku nzima.

"Mama Joha," akasema, "kuku ni mia nne."

Nikatafuta usoni mwake kitu cha kusoma. Hakukuwa na kitu. Nikampa mia nne.